Waya Huu Ukikatika, Itakuwaje?

Mgeni akiingizwa chumba cha mitambo, macho yake huenda moja kwa moja kwenye PLC, kile kisanduku cha kuongozea mitambo chenye vitaa vya kijani, akaamini akili yote imo humo. Tangu PLC ya Modicon 084 ilipotoka Marekani mwaka 1969, sifa zimekuwa zikimwendea mwandika programu. Mimi nataka kumsifu mwenye bisibisi.

PLC haijui tangi wala maji. Inajua tu kama kuna umeme kwenye skrubu fulani. Katika mfumo uliozoeleka wa volti 24, volti 15 na zaidi ni ndiyo, 5 kushuka chini ni hapana, na za katikati hakuna anayekudhamini. Kihisi cha nyaya tatu nacho kina utaratibu wake: wa kahawia kwenye chanya, wa buluu kwenye hasi, mweusi unabeba habari. Ila kihisi cha PNP husukuma chanya na cha NPN huvuta kwenda hasi. Ukikosea aina, kitaa cha kihisi kitawaka vizuri tu na PLC itakaa kimya.

Hayo yanafundishika kwa asubuhi moja. Ufundi wenyewe unaanzia kwenye swali jingine: waya huu ukikatika, itakuwaje?

Chukua kituo cha pampu kando ya Ziwa Victoria, kinachopandisha maji hadi tangi la kilimani. Ndani ya tangi, karibu na ukingo, kuna boya la kutoa habari kwamba limejaa. Fundi wa haraka huliunga lifunge saketi maji yakifika juu. Siku ya majaribio huwezi kumkosoa. Lakini panya akiitafuna kebo, habari ya kujaa haifiki tena, na maji yatamwagika usiku kucha. Fundi mwenye kuona mbali hugeuza: umeme upite muda wote tangi halijajaa, ukatike likijaa. Panya akitafuna, pampu inasimama. Watu watalalamika asubuhi kwamba bomba halitoi, na wana haki, ila kilima hakijaporomoka. Kipimo cha miliamperi 4 hadi 20 kimejengwa kwa fikra hiyohiyo: tangi tupu ni 4, ili 0 ibaki kuwa alama ya waya uliokatika. Kitufe cha dharura pia, tena hicho kikate chenyewe umeme wa kontakta inayowasha pampu, bila kuiomba programu ruhusa.

Maeneo ya ziwa hilo yana radi nyingi kupindukia, na kebo ndefu inayoshuka kilimani hupata mshtuko hata isipopigwa yenyewe. Kwa hiyo kikinga radi huwekwa pale kebo inapoingia kwenye paneli, waya wake wa athi ukiwa mfupi iwezekanavyo. Nyaya za vihisi zisilale pamoja na kebo za mota. Zikilazimika kukutana, zikatizane kama msalaba.

Kwa upande wa PLC kutoa amri, kama kufungua vali, kipenzi changu ni dayodi ya 1N4007, ambayo bei yake haifiki ya kikombe cha chai. Koili ya vali ikikatiwa umeme haikubali kimya kimya. Hurudisha volti zinazoweza kufika mamia, na transista ya PLC, mara nyingi ya nusu amperi tu, haina ubavu wa kuzipokea. Dayodi ikiwekwa sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya, mkondo wa koili huzunguka humo humo mpaka uishe. Ukiigeuza, umetengeneza shoti. Nayo huchelewesha vali kidogo kufunga, basi panapohitajika kasi hutafutwa kinga nyingine. Kwenye koili za umeme wa AC haifai kabisa.

Mwenye mradi akija na kalamu ya kupunguza gharama, aanze na skrini kubwa ya rangi mlangoni. Fyuzi aziache, moja kwa kila kundi la vali, ili koili moja ikiungua makundi mengine yaendelee na kazi.