Kwa Nini Ibelin Lazima Akimbie?

Mamangu alianza kulia kabla hata chai haijapoa. Tulikuwa sebuleni, laptopu juu ya stuli, Netflix ni ya beshte yangu, na kwenye skrini kulikuwa na video za zamani za familia moja ya Norwei: mtoto anatembea, mtoto anaanguka, mtoto yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mimi sikulia. Magongo yangu yalikuwa yameegemea kochi, na nilikuwa najiandaa kukasirika. Nazijua hizi filamu. Mlemavu anateseka, piano inalia, watu wazima wawili wanafuta machozi, halafu kila mtu anaenda kulala akishukuru Mungu kwa miguu yake.

Filamu ni *The Remarkable Life of Ibelin* ya Benjamin Ree, yule aliyetengeneza *The Painter and the Thief*. Ilionyeshwa Sundance mwanzoni mwa 2024, ikabeba tuzo ya mwelekezi na ya watazamaji kwenye kitengo cha filamu za hali halisi za kimataifa, kisha ikaingia Netflix Oktoba hiyo. Kisa chenyewe ni cha kweli. Mats Steen alizaliwa 1989 na Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaokula misuli polepole na unaowapata hasa wavulana. Alikufa Novemba 2014, akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho aliimalizia kwenye kompyuta, akicheza World of Warcraft. Wazazi wake, Robert na Trude, walidhani mtoto wao ameishi na kufa mpweke. Baada ya kifo, baba akaingia kwenye blogu ya Mats na kuandika kwamba ameaga. Barua pepe zikaanza kumiminika. Kumbe ndani ya mchezo Mats alikuwa Ibelin, mwanachama wa kikundi kinachoitwa Starlight, na kuna watu nchi kadhaa za Ulaya waliokuwa wakimlilia. Baadhi yao walisafiri hadi mazishini.

Hapo ndipo filamu inageuza gari. Inarudi mwanzo na kusimulia maisha yale yale upya, safari hii kutoka ndani ya mchezo. Starlight walikuwa wamehifadhi kumbukumbu za mazungumzo yao, karibu kurasa 42,000, na Ree akazichukua akazipa sauti za waigizaji na katuni zenye sura ya mchezo wenyewe. Ibelin ni jamaa mrefu, kifua kipana, nywele zimefungwa nyuma. Anakimbia msituni. Anakunywa baa. Anatongoza mabinti, na anatongoza vizuri, lazima niseme.

Nikiri kwamba mbinu hii ilinishika. Lakini pia ilinifanya nijiulize ni nani aliyelengwa na ule mwanzo. Ree anatupa nusu saa ya huruma ya kawaida, anatuacha tumhurumie Mats hadi tuchoke, ndipo anatuonyesha tulivyokosea. Kwa mtazamaji mwenye miguu mizima huo ni mshangao mtamu. Kwangu mimi haukuwa mshangao wowote. Kwamba mtu anaweza kuwa na marafiki, wivu, maadui na mapenzi kupitia kibodi ni kitu nilichokijua tangu nikiwa darasa la sita, kwenye saiba moja ya Kayole ambapo jamaa wa kaunta alikuwa ananiwekea kiti karibu na mlango ili nisipite katikati ya nyaya. Kwa hivyo mwanzo wa filamu uliandikiwa watu wengine, na mimi nilikaa nikiwasubiri wafike.

Kinachonikera zaidi ni ile mbio. Ni kweli Mats alikuwa na desturi ya kuanza siku yake mchezoni kwa kukimbiza Ibelin karibu nusu saa, njia ile ile, na hadi leo wenzake hukusanyika mchezoni kumkumbuka. Filamu inaipenda sana picha hiyo, na inaeleweka: mwili uliofungwa, mwili ulioachiliwa. Lakini mchezo wa kuigiza wa aina ya Starlight hauchezwi kwa miguu. Unachezwa kwa maandishi. Unaandika unachosema, unaandika unavyoinua glasi, unaandika unavyomtazama mtu kabla ya kumjibu. Kurasa 42,000 ni vitabu na vitabu vya maneno, na maneno ya Ibelin yaliandikwa na kijana aliyebakiwa na nguvu kidogo tu ya vidole. Mats alikuwa mwandishi, na filamu inamfanya mkimbiaji. Kila neno aliloliandika linafunikwa na sauti nzito ya muigizaji na mabega ya katuni, hadi unasahau kulikuwa na mtu anayechagua neno. Vifaa alivyotumia vinapita haraka. Mimi ningetaka tukae hapo: kipanya kiliwekwa wapi, kidole gani kilibonyeza nini, alifanya nini mkono ulipozidi kudhoofika? Kwa watu kama sisi hayo ndiyo maisha yenyewe. Utatoa vipi filamu nzima kuhusu mtu na kompyuta yake halafu uione kompyuta kama dirisha tu, kitu cha kutazama kupitia?

Mimi nilizaliwa na mgongo wazi. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa Pentium 4 iliyokufa, ambayo mjomba aliokota Luthuli kwa bei ya kutupa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliifungua sakafuni kwa bisibisi ya cherehani, nikatoa vumbi, nikachomoa memori na kuirudisha, ikalia mlio mmoja mfupi, ikawaka. Sijawahi kusahau ule mlio. Sikuwa natafuta pa kukimbilia, wala sikuwa nawaza miguu. Nilikuwa nimependa kitu, kama vile mwenzangu alivyopenda gari au Gor Mahia. Watu wakimwona mlemavu na kompyuta huwa wameshaandika sababu kabla ya kuuliza: maskini, anatoroka. Filamu hii inapinga upweke, sawa, ila hiyo ya kutoroka inaiacha ikae vizuri tu.

Halafu kuna pesa. Mats aliishi sehemu yake mwenyewe kwenye nyumba ya wazazi, akiwa na wahudumu wa kumsaidia mchana na usiku. Baba yake baadaye alikuwa kwenye serikali ya jiji la Oslo, akisimamia fedha kisha afya. Sisemi hayo kwa wivu, au labda kidogo. Lakini filamu inazungumza kana kwamba muujiza ulifanywa na mchezo peke yake, na stima, intaneti, mashine na mikono iliyomgeuza kitandani usiku vilijileta. Kulipia huo mchezo kwa mwezi ni karibu shilingi 2,000, na hapo hujanunua tokeni wala bando. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Maneno mazuri. Chuo nilichokiacha mwaka wa pili kilikuwa na maabara ya kompyuta orofa ya tatu na lifti iliyokuwa na karatasi mlangoni. Ile karatasi niliikuta nikijiunga, nikaiacha nikitoka.

Lakini nisiidhulumu kazi ya Ree. Sehemu yake bora ni pale inapomruhusu Mats kuwa mtu mbaya. Aliwaficha wenzake ugonjwa wake kwa miaka. Alikuwa akipenda hapa na kuchezacheza na moyo pale. Mwishoni, mwili ulipokuwa ukimsaliti, alikasirika na kuwaumiza watu waliompenda, na filamu haitafuti kumsamehe haraka. Nimeona walemavu wengi watakatifu kwenye skrini. Huyu alikuwa anakera, na nilimpenda papo hapo.

Na kuna yule binti wa Uholanzi. Wazazi wake waliona masomo yanaporomoka wakamnyang'anya kompyuta, akatoweka Starlight bila kuaga. Mats akawaandikia wazazi barua, kwa adabu, kuwaeleza binti yao ana nini huko ndani. Katika filamu nzima ya mapanga na misitu, barua hiyo ndiyo kitendo kikubwa kuliko vyote, na ni maandishi. Kuna pia mama wa Denmark na mwanawe mwenye usonji, walioshindwa kukumbatiana hadi Mats alipopendekeza waanzie mchezoni. Hapo koo lilinikaba. Nikajifanya nakohoa.

Barua ya binti ndiyo iliyomfanya mamangu anyamaze. Nikiwa kidato cha pili alikuwa akienda kazini na waya wa stima wa kompyuta yangu kwenye mkoba, miezi mitatu mizima, na hatukuwahi kuliongelea. Filamu ilipoisha alikusanya vikombe, akafika mlango wa jikoni, akasimama.

"Baba, kwani na wewe uko na watu huko ndani?"

Nikamwambia wako.

"Wangapi?"

Nikaanza kuhesabu. Aliweka vikombe mezani, akarudi, akaketi. Nilianza na jamaa wa Eldoret aliyenifundisha kuweka Linux kwa simu usiku kucha, na msichana wa Mombasa ambaye hunisomea makala zangu zote kabla sijazituma, hii ikiwemo. Mama akauliza kama msichana wa Mombasa anajua kuhusu magongo. Nikamwambia swali zuri.