Jinsi Mazembe ilivyoifunga Internacional

Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazili 2–0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kabla ya usiku ule, fainali ya kombe hilo ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini peke yao. Hapa Lubumbashi, nyumbani kwa Mazembe, kinachosimuliwa zaidi mpaka leo ni kipa Robert Kidiaba akidundadunda kwa makalio uwanjani kushangilia bao. Furaha ile ni haki yetu, lakini imeifunika kazi ya dakika 90 iliyofanywa kwa akili sana.

Kwanza tukumbuke nani hakuwepo. Trésor Mputu, kipenzi cha mji mzima, alikuwa amefungiwa na FIFA. Kocha Lamine N'Diaye kutoka Senegali hakuhangaika kutafuta Mputu mwingine. Bila fundi wa kuushikilia mpira mbele, alikubali wapinzani wawe nao muda mrefu, mradi wasipate njia ya katikati. Internacional walikuwa na Andrés D'Alessandro, Muajentina ambaye mguu wake wa kushoto ulifungua ngome kwa pasi moja. Dawa ya mchezaji wa aina hiyo si kumkimbilia. Beki akitoka kumfuata, anaacha pengo nyuma yake, na pasi inapita hapo hapo. Mabeki wa Mazembe walibaki karibu karibu, viungo wakarudi mbele yao, D'Alessandro akalazimika kucheza mbele ya ukuta badala ya nyuma yake.

Nafasi zilipatikana hata hivyo, na hapo ndipo Kidiaba alipostahili sifa. Hakuwa kipa mrefu. Nguvu yake ilikuwa kutoka mapema na kumfikia mshambuliaji kabla hajachagua pembe. Rafael Sobis, mshambuliaji wa Internacional, anaijua habari hiyo. Mapumziko yakafika 0–0, na kila dakika iliyopita ilikuwa mzigo kwa Wabrazili, si kwetu.

Dakika ya 53, Mulota Kabangu alituliza mpira ndani ya eneo la hatari na kuupeleka pembe ya mbali. Kuanzia hapo Internacional walipanda kwa wingi na kuacha uwanja mpana nyuma yao. Dioko Kaluyituka alikuwa anausubiri uwanja huo. Dakika ya 85 aliingia kutoka kushoto, akamyumbisha Guiñazú wa Internacional kwa chenga, akapiga mpira wa chini, kipa Renan akashindwa. Kaluyituka alimaliza mashindano akiwa na tuzo ya mchezaji bora wa pili, nyuma ya Samuel Eto'o wa Inter Milan, na kwa maoni yangu ndiye ambaye Lubumbashi haijamlipa deni lake la sifa.

Mpango huu ulikuwa na sharti moja: usitangulie kufungwa. Katika robo fainali dhidi ya Pachuca ya Meksiko, Mbenza Bedi alifunga dakika ya 21, na timu ikalinda 1–0 hadi mwisho. Dhidi ya Internacional, sare ya kipindi cha kwanza ilitosha. Fainali ya tarehe 18 ilikuwa kinyume kabisa. Inter Milan ilifunga dakika ya 13 kupitia Goran Pandev, kisha Eto'o dakika ya 17. Kufumba na kufumbua, timu iliyojengwa kwa kusubiri haikuwa na cha kusubiri tena. Ilibidi ipande, iache nafasi nyuma, yaani ifanye kile kile ilichowalazimisha Wabrazili kufanya siku nne kabla. Kwa kazi hiyo ya kuvunja ukuta uliokwisha kujifunga, Mputu ndiye aliyehitajika, naye hakuruhusiwa kucheza. Jonathan Biabiany aliongeza la tatu dakika ya 85.

Wanaosema tulizidiwa na majina makubwa wanapita mbali na jambo lenyewe. Internacional nao walikuwa mabingwa wa Amerika Kusini. Tofauti ya mechi hizo mbili ilikuwa dakika 17 za kwanza.