Duara la Punje Kumi na Mbili

Ukibandua kofia nyeupe ya balbu ya LED, chini yake unakuta kisahani cha alumini, upana wake kama sentimita tano, na juu yake punje za manjano zimepangwa duara. Katika vibanda vya mafundi wa Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, visahani hivi hujaa kwenye makopo. Vingi vilizimika kwa sababu ya punje moja tu. Nyingine zote bado ni nzima. Visahani hupita mikononi mwa watu kama takataka, ilhali kila kimoja ni mchoro uliofikiriwa hadi sehemu ya kumi ya milimita, na mtu anayejua kuuangalia mchoro huo anaona ustadi wa hali ya juu.

Kisahani hiki ni bodi ya saketi, na bodi ya saketi hupenda miraba. Programu ya kuchorea bodi humfungulia mchoraji uwanja wa vijisanduku, na kila kijenzi anachokileta hujishikiza kwenye kona ya kijisanduku kilicho karibu. Kupanga safu iliyonyooka ni kazi ya dakika moja. Duara halikubali hivyo. Tuseme punje ni 12 na nusu kipenyo ni milimita 20. Kutoka punje hadi punje ni nyuzi 30. Ya kwanza inakaa milimita 20 kulia kwa kitovu, haina shida. Ya pili inatakiwa ikae milimita 17.32 kulia na 10 juu. Ya tatu, 10 kulia na 17.32 juu. Hiyo 17.32 haiangukii kwenye kona ya kijisanduku chochote. Inapatikana kwa saini na kosaini, zile zile tulizofundishwa sekondari tukiuliza zitatusaidia nini.

Mahali peke yake hapatoshi. Kila punje ina upande wa chanya na upande wa hasi, na mkondo wa umeme hupita punje baada ya punje hadi umalize mzunguko. Mchoraji mvivu huziacha zote zielekee upande mmoja, kama zilivyotoka kwenye programu. Njia za shaba zinalazimika kupinda, hapa nyembamba, pale ndefu, na kila punje inapata kipande cha shaba cha umbo lake. Mchoraji mzuri huizungusha kila punje kwa nyuzi zake, hasi ya hii itazamane na chanya ya inayofuata. Mashine ya kupandikiza vijenzi nayo lazima iambiwe mambo matatu kwa kila punje: umbali wa kulia, umbali wa juu na nyuzi za kugeuka. Siku hizi programu hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. KiCad, aliyoianzisha Jean-Pierre Charras huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1992 na ambayo yeyote anaweza kuipata bure, hata kijana wa Kamenge mwenye kompyuta ya mtumba, ina amri ya kupanga vitu duara: unataja kitovu, idadi na pembe, kisha unaiambia igeuze kila kimoja mahali pake. Lakini programu haikuambii kwa nini uchague duara.

Sababu ni joto. Kisahani hukandamizwa ndani ya ganda la balbu na kuligusa kwenye ukingo wake, na joto jingi hutoka kupitia hapo. Punje zikipangwa safu kwa safu juu ya kisahani cha mviringo, zile za katikati huwa mbali na ukingo na zimezungukwa na nyingine, kwa hiyo hupata moto zaidi. Kwenye duara hakuna ya katikati. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, hujipanga nusu duara kuizunguka inkiranya, ngoma ya kati inayotoa mdundo, na hakuna anayekaa nyuma ya mwenzake. Punje hizi nazo zimekaa hivyo: umbali mmoja hadi ukingoni, umbali mmoja hadi kwenye chipu ya kati inayoongoza mkondo, ambayo nayo hutoa joto lake.

Usawa huo una uzito kwa sababu punje zimefungwa mfululizo. Umeme ukikatika kwenye moja, umekatika kwa zote. Maisha ya balbu nzima basi ni maisha ya ile punje iliyochoka mapema kuliko wenzake, na kazi yote ya mchoraji, pembe zile, vipande vile vya shaba vilivyopanuliwa kwa kipimo kimoja ili visambaze joto, ni kuhakikisha kwamba mpango wake haumchagui mnyonge. Sijui ufundi mwingine wa bei ya chini kiasi hiki unaojali usawa kwa namna hii.

Kuna jambo moja ambalo limenifanya nivitazame visahani hivi kwa heshima zaidi. Punje nyingi za balbu si taa moja. Chini ya ule unga wa manjano kuna vijipande kadhaa vya kutoa mwanga wa buluu, ule uliowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na unga ndio unaougeuza uwe mweupe. Punje yenye vijipande sita hutaka takriban volti 18. Zidisha kwa 12: ni volti 216 kutoka mwanzo wa mfululizo hadi mwisho. Kwenye mstari mrefu, mwanzo na mwisho vingekuwa mbali, kila kimoja ncha yake. Kwenye duara, mwisho hurudi mlangoni pa mwanzo. Punje ya kwanza na ya kumi na mbili ni majirani, na kati yao kuna volti zote 216, wakati kati ya majirani wengine wowote ni 18 tu. Kwingineko nusu milimita ya nafasi kati ya shaba na shaba yatosha. Pale mahali pamoja haitoshi. Tena chini ya shaba yote kuna alumini inayopitisha umeme, imetengwa nayo na kihami chembamba cha takriban sehemu ya kumi ya milimita.

Kwa hiyo tafuta pengo. Kwenye kisahani kizuri utaliona: mahali ambapo shaba inarudi nyuma, imeviringwa kona ili isiwe na ncha kali, na rangi nyeupe imebaki tupu kwa milimita kadhaa. Mara nyingi nyaya mbili zinazopanda kutoka kwenye kitako huingia hapo hapo. Macho hayalitambui kwa haraka, kwa kuwa punje zenyewe zimebaki kwenye nyuzi zao 30 bila kusogea hata kidogo. Mchoraji amefungua duara kwenye shaba bila kulifungua kwenye mwanga. Kisahani kibaya nacho hujitambulisha papo hapo: weusi wa kuungua, mara nyingi, uko kati ya punje hizo mbili.

Fundi wa Kamenge huusoma mchoro huo kutoka upande wa pili. Nchini Burundi ni takriban mtu mmoja katika kila kumi anayefikiwa na umeme, na anayeupata anajua jinsi unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Balbu haitupwi kirahisi. Fundi hutazama kwanza kwa macho, akitafuta kidoa cheusi katikati ya punje. Asipokiona, huweka mita kwenye kipimo cha dayodi au huigusa punje moja moja kwa umeme mdogo, akilifuata duara kwa mpangilio ule ule uliofuatwa na mkondo. Kuing'oa iliyokufa si rahisi kwa chuma cha kulehemu peke yake, maana alumini hunyonya joto kabla lehemu haijayeyuka. Kisahani chote hupashwa kutoka chini, hata juu ya pasi ya nguo iliyopinduliwa, hadi lehemu ing'ae. Punje huinuliwa kwa kibano na nyingine, iliyotolewa kwenye balbu iliyoshindikana, huwekwa mahali pake. Hapo ule uzungushaji wa nyuzi humsaidia: akijua punje moja inaelekea wapi, amezijua zote.

Wapo wanaoiunganisha njia kwa tone la lehemu na kuiruka punje iliyokufa. Balbu inawaka, na kwa mtu anayehitaji mwanga usiku huo ni msaada wa kweli, ila volti 18 zilizokosa mahali pa kukaa hubebwa na chipu ya kati, ambayo sasa inapata moto zaidi. Mara moja inavumilika. Ukirudia mara tatu, chipu nayo inakwenda.

Kinachomkwamisha fundi zaidi ni volti. Punje ya volti 3, ya 9 na ya 18 zinaweza kuwa na umbo moja, milimita 2.8 kwa 3.5, na rangi moja, na ukikosea hiyo mpya haidumu au haiwaki kabisa. Visahani vingine vimechapishwa idadi ya punje na namna zilivyofungwa. Vingi havina kitu. Wachoraji ambao wamekwisha kupiga hesabu ya kila pembe wanaijua namba ya volti, na katikati ya duara, kando ya ile chipu, karibu kila mara pamebaki nafasi nyeupe ya kuandika herufi tatu.