Reinata Sadimba na Heshima ya Udongo

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kawaida methali hii humsema fundi asiyenufaika na kazi ya mikono yake. Sisi tunaiona pia kuwa ni shitaka juu ya jamii, ambayo hupikia katika chungu cha mwanamke lakini haimhesabu kuwa msanii. Kazi za Reinata Sadimba, mfinyanzi wa Kimakonde kutoka Msumbiji, zinatudai jibu la shitaka hilo.

Sadimba alizaliwa mwaka 1945 katika nyanda za juu za Mueda, kusini ya Mto Ruvuma, katika familia ya wakulima. Huko jadi iligawa kazi: mwanamume alichonga mti, mwanamke alifinyanga udongo. Hata kinyago cha ngoma ya mapiko kilikuwa siri ya wanaume. Sadimba alishiriki katika vita vya ukombozi upande wa FRELIMO, na nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1975 akaanza kuugeuza ufinyanzi aliorithi. Mtungi ukaota uso, matiti, mikono na miguu. Mwaka 1980 alihamia Tanzania. Mwaka 1992 alirejea kwao, na baadaye akawa na karakana katika Makumbusho ya Historia ya Viumbe mjini Maputo.

Tuzitazame sasa kazi zenyewe. Zimefinyangwa kwa mkono, bila gurudumu. Nyingi zimepakwa madini ya kinywe, yaani yale meusi ya ndani ya penseli, hata udongo ukang'aa kijivu mithili ya chuma. Nyuso zina chale za Kimakonde. Matumbo yametuna kama vyungu, na pengine kiwiliwili kimoja hubeba vichwa zaidi ya kimoja.

Hapa ndipo tunapoona tofauti yake na wachongaji wa mpingo. Kuchonga ni kupunguza. Katika mtindo wa Ujamaa, watu hupandana wakiufuata urefu wa gogo, kwa kuwa gogo ndilo lililotangulia. Kufinyanga ni kuongeza, na katikati hubaki uwazi. Katika sanamu za Sadimba uwazi huo hubeba maana: ni tumbo la mama na ni ghala la maji na chakula. Kwa Wamakonde, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hilo si jambo dogo.

Wapo watakaosema kwamba viungo vya sanamu hizi havilingani na sura zake ni nzito. Havilingani kweli. Lakini msanii huyu hakukusudia kunakili mwili. Alikusudia kuonyesha mzigo ambao mwili huo umebeba. Wala tusimsifu kwa kuhifadhi jadi tu. Aliichukua chale, akauchukua mtungi, kisha akauvuka mpaka ambao jadi hiyohiyo ilimwekea.

Basi, tunapofundisha sanaa ya Wamakonde, tusiishie kwenye mpingo. Mwanafunzi na aanzie jikoni kwa bibi yake. Autazame mtungi ulioko pale, aupapase shingo na tumbo, kisha aulize ni nani aliyeufinyanga. Jina atakalotajiwa linastahili kuandikwa.