Adui Arejeapo: Darth Vader na Hadhira Yake katika Filamu ya Rogue One

Ipo kanuni isiyoandikwa popote miongoni mwa wapenda sinema wa Afrika ya Mashariki, nayo ni kwamba stelingi hafi. Aweza kupigwa, kufungwa kamba au kutupwa mtoni, lakini mtazamaji aliyelipa kiingilio chake hukaa kitako akijua kuwa picha itakapokwisha adui ndiye atakayekuwa amelala chini. Filamu ya Rogue One, iliyoongozwa na Gareth Edwards na kutolewa mwezi wa Desemba 2016, inaivunja kanuni hiyo bila huruma. Jyn Erso anakufa, Cassian Andor anakufa, na wenzao waliokwenda nao Scarif kuiba michoro ya silaha ya maangamizi wanakufa mmoja baada ya mwingine. Anayebaki amesimama ni adui. Ajabu iliyopo, ambayo ndiyo inayostahili kuhakikiwa, si kwamba adui amesalia. Ajabu ni kwamba hadhira ilipoyaona hayo ilishangilia.

Msomaji asiyeufuata mlolongo wa filamu hizi yafaa akumbushwe machache. Star Wars, kazi ya George Lucas, ilitolewa Marekani mwezi wa Mei 1977, na ndani yake akaingia Darth Vader: pande la mtu, joho jeusi, uso uliofichwa nyuma ya barakoa, na pumzi inayovuma kama mvuto wa viriba vya mhunzi. Kiwiliwili kilikuwa cha David Prowse, Mwingereza aliyekuwa mnyanyua vyuma. Sauti ilikuwa ya James Earl Jones, Mmarekani Mweusi, ambaye kwa ombi lake mwenyewe jina lake halikutajwa katika orodha ya waigizaji wa filamu mbili za kwanza. Pumzi ilibuniwa na fundi wa sauti Ben Burtt kwa kutumia kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Kwa hiyo mhusika huyu tangu kuzaliwa kwake hakuwa wa mwigizaji mmoja. Aliungwaungwa kwa viungo vya watu mbalimbali, na pengine hiyo ndiyo sababu ameweza kuishi zaidi ya wote waliomvaa. Mwaka 1980 ikafichuliwa kuwa ndiye baba wa shujaa. Mwaka 1983 akatubu, akafa akimwokoa mwanawe, na maiti yake ikachomwa juu ya kuni. Kihadithi, mambo yake yalikuwa yamekwisha.

Mtunzi atakaye kumrejesha mhusika aliyekwisha kuchomwa ana njia mbili. Aweza kumfufua, jambo ambalo aghalabu huchukiza, au aweza kurudi nyuma na kusimulia yaliyotukia kabla. Njia hii ya pili si ngeni katika fasihi. Shakespeare mwenyewe aliandika tamthilia za Henry wa Sita kabla ya zile za wafalme waliomtangulia. Hadithi ya namna hii, inayotungwa baadaye ili kueleza yaliyotangulia, ina tatizo lake na ina nguvu zake. Tatizo ni kwamba taharuki ya kawaida imekwisha kuuawa: kila mtu anajua kuwa Vader hatakufa Scarif. Nguvu zake ni kinaya. Hadhira inajua wasichokijua wahusika, na inawatazama wakikikimbilia. Hadhira ya ngano imekuwa katika hali hiyo siku zote. Watoto wanaomsikiliza bibi hawamwulizi kama zimwi litatokea. Wanangoja lini litatokea, na kwa wimbo gani. Hata hivyo, baina ya kumngoja zimwi na kumshangilia pana hatua moja kubwa.

Ili hatua hiyo ieleweke, sharti itazamwe kwanza mara ya awali Vader aliporejeshwa kwa njia hii ya kurudi nyuma. Kati ya mwaka 1999 na 2005 Lucas alitoa filamu tatu zilizoeleza jinsi mtoto Anakin Skywalker, mtumwa wa jangwani mwenye akili na upendo, alivyokuja kuwa Darth Vader. Hii ilikuwa kazi ngumu ya kifasihi: kuuonyesha uovu kuwa tunda la hofu ya mtu kufiwa na ampendaye, na la siasa ya bunge linalojinyonga lenyewe huku likipiga makofi. Katika Revenge of the Sith ya mwaka 2005, Hayden Christensen aliyeigiza Anakin anavishwa lile vazi jeusi mwenyewe. Vader anaamka, anauliza habari za mkewe, anaambiwa amemwua, naye anapiga ukelele mrefu wa kukataa. Mashabiki waliokuwa wameingoja dakika hiyo kwa miaka mingi walicheka. Ukelele ule ukawa mzaha wa kila mahali, na Lucas alipouchomeka tena mwaka 2011 katika toleo jipya la filamu ya 1983, mzaha ukageuka hasira.

Ni kweli kwamba ukelele huo una walakini wa kisanaa. Mazungumzo ya Lucas ni mazito kama mawe, na Christensen alipewa maneno ambayo pengine hakuna mwigizaji angeyabeba. Hata hivyo yafaa kuuliza kilichochekwa hasa. Kilichochekwa ni adui anayelia. Mashabiki walimkataa Vader mwenye jeraha, aliye mume na mfiwa, kwa sababu kila jeraha lililoonyeshwa lilipunguza kimo chake. Jini likishapewa jina la baba yake na kijiji alikozaliwa, halitishi tena. Katika hili silika ya mashabiki haikuwa ya kijinga, maana Vader wa 1977 alitisha kwa kuwa hakuelezwa. Lakini kukataa kabisa maelezo ya uovu ni msimamo wenye gharama, na gharama yenyewe ilidhihirika miaka kumi na mmoja baadaye.

Katika Rogue One Vader anaonekana hasa katika sehemu mbili, na ubora wake haulingani. Katika ya kwanza yumo ndani ya ngome yake Mustafar, mwili wake ulioungua ukielea katika tangi la dawa, na mkurugenzi Orson Krennic amekuja kulalamika kuhusu cheo chake. Tangi hilo ni jambo jema. Linaonyesha maumivu bila kuyasema, na kwa sekunde chache linatenda kile ambacho ukelele wa 2005 ulishindwa kukitenda. Kisha Vader anamkaba Krennic kwa mbali na kumtania kwa neno la Kiingereza lenye maana mbili, ya matamanio na ya kuvuta pumzi. Mashabiki waligawanyika hapo. Waliochukia walisema adui mkubwa hafanyi mizaha ya maneno. Waliotetea walikumbusha kuwa Vader wa zamani naye alikuwa na kejeli zake kavu. Haki iko zaidi kwa waliochukia. Kejeli za zamani zilikuwa vitisho vilivyovaa adabu, ilhali huu ni mzaha uliotungwa ili mtazamaji amkonyeze jirani yake.

Sehemu ya pili ndiyo iliyoleta kelele. Michoro imekwisha kupatikana, na waliofia kazi hiyo wamekwisha kuteketea ufuoni Scarif. Askari wachache wa waasi wanaikimbiza katika ujia wa merikebu yao iliyovamiwa. Mlango unakwama. Taa zinazimika. Katika giza la upande wa pili inasikika pumzi, pumzi tu, kisha upanga mwekundu wa mwanga unawaka na kummulika mwenye pumzi. Linalofuata halifiki dakika mbili. Vader anatembea. Risasi zinamrudia mfyatuaji, watu wanarushwa darini, mmoja anapasuliwa pamoja na mlango alioegemea. Yule mwenye michoro anaipenyeza katika mwanya wa mlango, mikono ya upande wa pili inaipokea, naye anabaki nyuma kufa. Waliohusika na utengenezaji wa filamu wameeleza kuwa tukio hili halikuwamo katika mpango wa awali. Liliongezwa miezi michache tu kabla ya filamu kutolewa, kwa pendekezo la mhariri wa picha.

Mapokezi yalikuwa ya namna tatu. Wengi walishangilia kwa sauti majumbani mwa sinema, wakasema kuwa hatimaye wamemwona Vader waliyemwota tangu utotoni. Wengine, wenye tabia ya makarani, walipima kama Vader huyu mwepesi aweza kuwa ndiye yule wa 1977 apiganaye na mzee Obi-Wan Kenobi kama watu wawili wanaosogezana kwa fimbo. Wa tatu walisema tukio zima ni pambo, zawadi kwa mashabiki isiyohitajiwa na hadithi.

Hoja ya makarani yaweza kupitwa haraka. Tofauti ya mwendo ni tofauti ya ufundi wa sinema wa miaka 39, na mtazamaji husamehe hayo kama msikilizaji wa utenzi asamehevyo nguvu za Fumo Liyongo kuongezeka kutoka ubeti mmoja hadi mwingine. Hoja ya pambo ni nzito zaidi, lakini nayo haikutazama vizuri. Kamera katika ujia ule haiko upande wa Vader. Iko miongoni mwa wanaokufa, katika kimo cha macho yao, na kinachofuatiliwa tangu mwanzo hadi mwisho ni kile kibati cha michoro kinachopita kutoka mkono hadi mkono. Filamu ya 1977 ilianza na askari kama hawa wakianguka mlangoni pa merikebu, na hakuna aliyewahi kuuliza majina yao. Rogue One, kazi iliyojengwa juu ya watu wa aina hiyo, watu wadogo wasioingia katika historia, inatumia dakika yake ya mwisho kuonyesha kuwa ushindi mashuhuri wa kina Luke Skywalker ulinunuliwa na mtu mmoja aliyekwamia nyuma ya mlango. Kisanaa, basi, tukio lina kazi yake.

Kwa nini hadhira ilisikia pumzi ya muuaji na haikusikia kilio cha aliyekwama? Jibu rahisi ni kuwalaumu mashabiki. Mjadala huu ni wa kale. William Blake alikwisha kudai kuhusu John Milton, mtunzi wa Paradise Lost ya mwaka 1667, kwamba alikuwa upande wa Shetani pasipo kujijua, na tangu hapo wahakiki hawajaacha kugombana kama kosa ni la mtunzi au la msomaji. Katika Rogue One sehemu kubwa ya kosa ni ya watunzi. Waliwaua mashujaa wao wote kwanza, wakawapa watazamaji nafasi finyu ya kuomboleza, kisha wakaleta mtu mmoja ambaye kila mtazamaji alimjua na kumpenda tangu zamani. Wale askari wa ujiani hawakuwahi kuonekana kabla. Huruma haina pa kushika, mazoea yanapo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wasemavyo Waswahili, na mashabiki hawa walikaa mbele ya zimwi wanalolijua kwa miaka 39 wakiwa na yakini kuwa halitawala wao. Kwa hiyo hofu, ambayo ndiyo shabaha ya picha yenyewe, iligeuka shangwe.

Liko pia suala la biashara, ambalo mhakiki hawezi kulifumbia macho. Kampuni ya Disney iliinunua kampuni ya Lucas mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, na bei kama hiyo hulipwa na nyuso zinazojulikana. Rogue One yenyewe iliingiza zaidi ya dola bilioni 1 ulimwenguni. Katika filamu hiyohiyo Peter Cushing, aliyefariki mwaka 1994, alirejeshwa kwa kompyuta juu ya mwili wa mwigizaji Guy Henry ili Gavana Tarkin aendelee kutoa amri. Wengi waliona karaha kumtazama maiti akiajiriwa. Wachache walitambua kuwa mlango alioingilia Tarkin ndio huohuo alioingilia Vader. James Earl Jones alikuwa na umri wa miaka 85 Rogue One ilipotolewa, na sauti yake ilikuwa imechakaa kidogo. Mwaka 2022, katika mfululizo wa televisheni wa Obi-Wan Kenobi, sauti ya Vader ilisanisiwa kwa mashine na kampuni moja ya Ukraine, kwa idhini ya Jones, kutokana na kanda zake za zamani. Jones alifariki Septemba 2024. Prowse alikuwa ametangulia mwaka 2020. Vader hana haja nao tena.

Mfululizo huo wa 2022 ulimrejesha Christensen ndani ya vazi, na ulimwonyesha Vader akivunja shingo za wanakijiji njiani, tukio lililotungwa wazi kwa kuukumbuka ule ujia. Shangwe ilikuwapo, lakini ilipoa upesi. Mwaka uleule ulianza mfululizo mwingine, Andor, unaosimulia maisha ya Cassian kabla ya Rogue One. Mtunzi wake ni Tony Gilroy, ambaye pia aliisimamia Rogue One katika hatua za mwisho, wakati ule ujia ulipoongezwa. Andor ilikamilika mwaka 2025 ikiwa na sehemu 24, na katika zote hizo Darth Vader haonekani hata mara moja. Uovu uliomo ni wa makarani wa usalama, wapelelezi wanaotafuta vyeo, magereza ambamo wafungwa huunda vipuri wasivyojua ni vya nini. Mashabiki waliomshangilia Vader mwaka 2016 waliisifu kazi hii kuliko karibu zote zilizotolewa tangu Disney iinunue kampuni. Na katika sehemu ya kumi, gereza linapovunjwa, wafungwa wanakimbia hadi ukingoni mwa bahari, na mzee aliyewaongoza, Kino Loy, anasimama pale akiwaambia wenzake wanaoruka majini kwamba yeye hajui kuogelea. Hapo hakuna aliyeshangilia.