Ndoa na Mahari Mbele ya Sheria ya Familia

Ndoa imekuwa jambo la mabishano nchini mwetu. Wabunge hulizungumza Kinshasa, wazee hulizungumza chini ya miembe ya Kikula na Panda. Na vijana wetu, wakati wakubwa wakiendelea kuzungumza, hupanga chumba kimoja na kuanza maisha bila kumwita mjomba, wala karani, wala padri. Watu wameipa hali hiyo jina la Kilingala, yaka tofanda, maana yake "njoo tukae". Jina ni la mzaha, lakini matunda yake si ya mzaha hata kidogo. Kwa hiyo tumeona yafaa leo tuisome Sheria ya Familia ya Kongo kwa utaratibu, tuipime kama fundi wa Shituru apimavyo shaba, tukisifu palipo safi na kuonyesha palipo na taka.

Sheria hiyo ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, ikasahihishwa kwa sheria nyingine ya tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 330 chaeleza ndoa ni nini. Chasema ya kuwa ndoa ni tendo la kiserikali, la hadharani na la heshima, ambalo kwalo mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wasiofungwa na ndoa nyingine iliyoandikwa, hufanya kati yao muungano halali na wa kudumu. Nayo Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 40, yampa kila mtu haki ya kuoana na mtu amtakaye, wa jinsia iliyo tofauti na yake, na kuanzisha jamaa.

Maneno hayo ni mazuri, na Mkristu hana sababu ya kuyakataa. Mmoja kwa mmoja, hadharani, kwa kudumu: ndiyo tunayofundisha katika katekisimu. Tena masahihisho ya 2016 yaliondoa aibu kubwa. Sheria ya 1987 ilimruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa kuwa na 18. Sasa wote wawili ni 18. Vilevile ile ya kwanza ilimtaka mke aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya mapatano ya kisheria, kama kwamba ni mtoto. Sasa mume na mke yawapasa kupatana. Hayo twayasifu bila kinyongo.

Taka tunaikuta mbele kidogo, katika kifungu cha 361. Hapo sheria inasema ya kuwa mwanamume na jamaa yake lazima wapatane na wazazi wa binti juu ya mahari, nayo ndoa haiwezi kufungwa kama mahari haijatolewa, walau sehemu yake. Tazameni basi: kifungu kimoja chatuambia ndoa ni muungano wa watu wawili, na kingine chaweka ufunguo wa mlango katika mikono ya watu wengine. Wawili wakipendana, wakiwa huru na wenye umri, ndugu wa binti aweza bado kusimama mlangoni na kusema, "Bado."

Hatusemi mahari ni kitu kibaya. Babu zetu walikuwa na akili. Mahari ilikuwa ushahidi: jembe, mbuzi au nguo iliyopokelewa mbele ya watu ilisema ya kuwa koo mbili zimejuana, na ya kuwa binti huyu hakuokotwa njiani. Siku ya ugomvi wazee waliopokea walikuwa na wajibu wa kusuluhisha. Mahari ya namna hiyo ililinda ndoa. Lakini leo kijana hupewa karatasi yenye orodha: suti ya baba, vikwembe vya mama, mbuzi, mifuko ya chumvi, kreti za bia, taa, viatu vya wajomba, na chini kabisa hesabu ya dola. Kabla ya hayo yote kuna fedha ya kufungua mlango. Ushahidi umegeuka kuwa bei. Na kitu chenye bei, asiye na fedha hukichukua kwa mkopo au hukichukua kwa siri.

Jambo hili liliwasumbua wengine pia. Sheria ya 1987 yenyewe ilisema kiasi cha juu cha mahari kiwekwe na Rais wa nchi kwa kila jimbo. Mwaka 2021 mbunge Daniel Mbau alileta pendekezo la kuweka mpaka: dola 500 mjini na dola 200 vijijini. Watu wengi walifurahi, hasa vijana. Wengine walikasirika, wakisema serikali isiingie katika mambo ya ukoo.

Sisi twasema nini? Nia ya mbunge ni njema, maana aliona mzigo akataka kuupunguza. Lakini dawa yake haigusi ugonjwa. Twapata funzo katika historia yetu wenyewe. Tarehe 4 Aprili 1950 serikali ya Kibelgiji ilitoa amri ya kukataza ndoa mpya za wake wengi, kuanzia Januari 1951. Je, wake wengi walikwisha? Hapana. Watu walibadili jina tu, na leo mke wa pili anaitwa "biro ya pili", ana nyumba na watoto, ila hana haki yo yote. Ndivyo itakavyokuwa kwa mahari. Andika dola 500 katika sheria, na dola 500 zitaonyeshwa mbele ya karani. Zilizobaki zitaitwa fedha ya mlango, asante ya mama, soda ya wajomba. Sheria hukataza jina, tamaa hutunga jina jipya.

Tena hesabu ya dola haielezi kwa nini ndoa imepungua hasa katika miji yetu ya shaba. Hapa Likasi yatupasa kukumbuka jambo ambalo Kinshasa hawalikumbuki. Mji huu, ulioitwa Jadotville wakati wa Wabelgiji, ulijengwa na kampuni, na kampuni ndiyo iliyokuwa mlinzi mkubwa wa ndoa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi waje na wake zao wakae, wasiende na kurudi. Ilikopesha hata fedha za mahari. Mke aliyeandikwa katika vitabu vya kampuni alipewa posho, nyumba na matibabu, na watoto wake shule. Mke mmoja tu ndiye aliyeandikwa. Gécamines, iliyochukua mahali pa Union Minière mwaka 1967, ilifuata desturi ileile. Basi baba zetu walikuwa na sababu nzuri ya kwenda kuandikisha ndoa: karatasi ile ilikuwa unga, samaki na dawa.

Kisha kampuni ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha 60,000. Tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na jina la kitabu chake lasema ya kuwa watoto wa Shaba wameachwa na baba yao. Baba huyo ni nani? Ni mzazi nyumbani asiyeweza tena kulisha, na ni kampuni pia. Karatasi ya ndoa haikuleta tena unga. Baba asiye na mshahara hakuweza kumsaidia mwanawe kutoa mahari, naye baba wa binti, mwenye njaa, aliona mahari ya binti ndiyo mshahara uliobaki. Kwa hiyo bei ilipanda wakati uleule mfuko ulipokuwa mtupu. Huo ndio mzizi, ndugu zangu, na mswada wa dola 500 haukuugusa.

Mtu aweza kuuliza: kama wawili wanapendana na wanalea watoto wao vizuri, karatasi ya nini? Tutamjibu kwa kumwalika aje matangani. Mume akifa, siku ya tatu ndugu zake hukusanyika. Kama ndoa iliandikwa, sheria yasema watoto ndio warithi wa kwanza, nao wana robo tatu za mali. Mjane yumo katika kundi la pili, tena ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba. Ndugu wakija na maneno, yeye ana karatasi. Lakini yule wa yaka tofanda, hata akiwa amepika, amelima na kuuguza miaka 20, huambiwa neno moja: "Wewe ulikuwa nani kwetu?" Hana jibu mbele ya hakimu. Mahari haikutolewa, kwa hiyo wazee hawamjui. Karani hakuandika, kwa hiyo serikali haimjui. Tumeona wamama wakitoka na sufuria zao na godoro moja kutoka katika nyumba waliyochangia matofali yake. Huyo ndiye anayelipa gharama ya mabishano yetu.

Wenzetu wa Tanzania waliliona jambo hili zamani. Sheria yao ya Ndoa ya 1971 yasema ya kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Tena yasema ya kuwa mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakiwahesabu kuwa mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Hatusemi tuige yote. Sheria hiyohiyo inaruhusu wake wengi, na dhana ya miaka miwili yaweza kumfanya mvivu asiende kamwe kwa karani. Lakini twaona jambo moja: walimtazama mjane kwanza, kisha wakaandika. Nchini Uganda nako Mahakama Kuu Kabisa ilikata mwaka 2015 ya kuwa kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Haikukataza mahari yenyewe. Hukumu ya hekima: mahari ibaki zawadi, isiwe deni linalomfunga mwanamke.

Na Eklezia je? Tusijifanye watakatifu. Mafundisho yetu ni wazi: Sheria za Kanisa za 1983 zasema ya kuwa kinachofanya ndoa ni ukubali wa wawili wenyewe, na ukubali huo hakuna mamlaka ya binadamu iwezayo kuutoa badala yao. Mahari haimo, sherehe haimo. Lakini twendeni parokiani Jumamosi tukatazame. Gauni la kukodi, magari, picha, ukumbi, muziki, na kamati inayochanga miezi sita. Vijana wengi wametuambia, "Mwalimu, tunangoja tupate fedha ya sherehe." Wanangoja wakiwa na watoto watatu tayari, nao hawapokei Komunyo. Papa Fransisko aliandika mwaka 2016, katika barua yake Amoris Laetitia, ya kuwa umaskini huwasukuma watu kuishi pamoja bila ndoa, kwa kuwa sherehe inaonekana ghali mno. Hakuandika juu ya Likasi peke yake, lakini alikuwa kama anatuona.

Basi hukumu yetu juu ya Sheria ya Familia ni hii. Maelezo yake ya ndoa ni mema. Mlango wake ni mwembamba mno, na umefunguliwa upande wa wenye fedha. Wabunge wakirudi katika jambo hili, wasishindane juu ya 500 au 200. Waseme wazi ya kuwa mahari ni heshima, si sharti la kufunga ndoa. Nao waweke ulinzi kwa mwanamke aliyeishi kama mke machoni pa watu wote.

Lakini sisi tusikae kungoja Kinshasa, maana ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulisema tutarudia neno lile la kifungu cha 361: walau sehemu. Wazazi wengi hawalijui. Sheria haiwataki vijana wamalize orodha yote. Sehemu ikipokelewa, ndoa yaweza kufungwa. Tena sheria hukubali ndoa iliyofungwa katika jamaa kwa desturi, kisha ikapelekwa kwa karani wa komuni iandikwe. Kwa hiyo baba wa binti aweza leo hii kupokea mbuzi mmoja na kikwembe kimoja, akasema mbele ya mashahidi, "Nimepokea," nao watoto wake wakaenda komuni wiki ileile. Kilichobaki kitaletwa polepole kwa upendo, au kitasamehewa.

Na jumuiya zetu ndogo za Kikristu ziwe na desturi ya kuwasindikiza wenzi walioishi pamoja muda mrefu: mashahidi wawili kwa karani, kisha Misa ya kawaida ya asubuhi, kisha chai na mandazi nyumbani kwa mmoja wetu. Hakuna atakayeulizwa gauni. Baba mwenye binti, ukiitwa mezani mwezi huu, kabla hujaandika orodha jiulize ni nani atakayemtetea mwanao siku mume wake atakapolazwa kaburini: suti yako, au karatasi ile?