Utulivu wa Maji na Nafasi ya Mtazamaji: Kumsoma Monet kutoka Bumbire

Claude Monet alichora mandhari ya vuli ya Argenteuil mwaka 1873. Mchoro huo umehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Courtauld, London. Miti yenye rangi ya dhahabu imesimama pande mbili za mkono wa mto Seine, na mji unaonekana kwa mbali katikati yake. Wahakiki wengi huishia kuusifu utulivu huo. Sehemu hii inahoji unaonekana kutoka wapi.

Jibu limo katika mchoro wenyewe. Mbele ya mtazamaji hakuna ukingo wala njia. Maji yanaanzia kwenye pindo la chini la turubai. Macho, basi, yamewekwa majini, nasi tunajua kwamba Monet alikuwa na mashua aliyoigeuza karakana. Katika miti ya kulia amekwaruza rangi mbichi kwa mpini wa brashi, na mikwaruzo hiyo, kwa maoni ya mtafiti, ndiyo inayouokoa mchoro usiwe pambo tu. Aidha, madaraja ya Argenteuil yaliharibiwa katika vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870–1871, na Monet mwenyewe alichora ukarabati wa daraja mwaka 1872. Mwaka uliofuata alichagua upande usioonyesha jeraha.

Msomaji wa kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, analijua ziwa tulivu la mchana kwa namna nyingine: wavuvi wa dagaa waliokesha na karabai wamelala, na dagaa wameanikwa. Utulivu huo una kazi nyuma yake. (Katika Argenteuil ya 1873 haonekani mtu akifanya kazi.)

Analijua pia jicho lililo mashuani. Henry Morton Stanley alifika Bumbire Aprili 1875, mwaka mmoja baada ya maonyesho ya kwanza ya Uimpresheni mjini Paris, akafukuzwa. Agosti alirudi na mitumbwi, akawafyatulia risasi watu waliosimama ufukweni huku yeye akibaki majini. Kitabu chake cha 1878 kina mchoro wa mapokezi ya Aprili, wenyeji wakiizunguka mashua yake kwa silaha. Monet hakuwa Stanley, na kumshtaki kwa kosa la mwingine kungekuwa uhakiki dhaifu. Hata hivyo, wote wawili waliutazama ufuko kutoka mahali ambapo aliye nchi kavu hawezi kuwafikia, na katika turubai la Courtauld hakuna hata mtu mmoja ukingoni anayemtazama mchoraji.